Arobaini ya Bungu

Mzee Abdalah, mkata mikoko wa Mbwera, alipoambiwa kwa simu kwamba binti yake Semeni sasa anaongoza okestra huko Kibiti, aliuliza swali moja tu: anapiga nini? Semeni akajibu kwamba hapigi kitu, anasimama mbele ya wapigaji na kuwaongoza kwa mkono. Mtandao ukakatika na kurudi, kisha mzee akasema kama ndiyo hivyo basi kazi hiyo hata yeye angeiweza, maana mikono anayo miwili na haijawahi kulala njaa kwa uvivu. Semeni alicheka mpaka akakaa chini. Hakukasirika. Hata yeye alijiuliza hayo hayo miaka sita nyuma, siku ya kwanza alipomwona Mwalimu Abubakary amesimama mikono mitupu mbele ya watu kumi na wanne wenye vyombo.

Huyu Mwalimu Abubakary alipiga tarumbeta katika bendi ya jeshi miaka ishirini na ushei, akajifunza nota huko, akastaafu, akarudi Kibiti na kuanzisha kikundi cha taarabu alichokiita Waridi la Kibiti. Wapigaji wake walikuwa wakulima wa mpunga na korosho, fundi cherehani mmoja, muuza duka mmoja, na Mwanamina wa akodiani, ambaye mchana alikaanga samaki pale stendi. Wote walijifunza kwa sikio. Nota hawakuzijua, wala hawakuona zina faida gani kwa mtu mwenye masikio. Walichojua ni kumtazama fidla wa kwanza: upinde wake ukishuka wanaanza, ukitulia wanatulia. Mwalimu alisimama mbele yao siku za sherehe kwa ajili ya heshima tu, akipungapunga, na hakuna aliyemwangalia. Mwenyewe alilijua hilo na lilikuwa likimuuma, ila alilimeza kama watu wengi wanavyomeza mambo yanayowauma.

Semeni alipokuja kwake alikuwa amemaliza kidato cha nne na anakaa kwa shangazi yake. Alitaka kupiga fidla. Wiki ya pili akamwambia Mwalimu, kwa adabu zote, kwamba Mzee Ridhiwani ameregeza uzi mmoja wa ganuni yake tangu Jumatatu. Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini. Mwalimu akaenda akazigusa mmoja mmoja, akaukuta. Kuanzia siku ile hakumwacha tena.

Alimfundisha kama mtu anayelipiza kitu. Alichomoa chelewa moja kwenye ufagio wa mkewe, akaikata urefu wa mkono, akamwambia hiyo ndiyo fimbo yako ya kuongozea. Mkono wa kushoto akamshikisha kikombe cha uji kilichojaa pomoni, wa kulia ukihesabu mwendo wa muziki, na uji ukimwagika wanaanza upya. "Mkono wa kulia unahesabu," alikuwa akisema, "wa kushoto unaomba." Hakukuwa na okestra ya kuongoza saa hizo za asubuhi, basi mzee mwenyewe alikuwa okestra: anaimba sauti ya fidla, anarukia ya akodiani, anatwanga ngoma ya dumbaki kwa ulimi, na Semeni akimkosea ishara ananyamaza katikati ya pumzi na kumkodolea macho. Majirani walidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Shangazi aliulizwa kama binti ameingiwa na kitu, akajibu kwamba ndiyo, ameingiwa na nota, na mganga wake hayuko Kibiti wala Utete.

Pamoja naye alisoma Hemedy, mpwa wa Mwalimu, fidla wa kwanza wa kikundi. Kijana mpole, mwenye vidole virefu, anayesikiliza kuliko anavyosema. Walikaa meza moja, wakagawana taa moja, wakasahihishana makosa. Semeni akimshinda nota yeye anamshinda upinde, na hakuna aliyemwonea mwenzake wivu, au ndivyo Semeni alivyodhani. Watu walikwisha kuwaoza midomoni. Wao wenyewe hawakuwa wamesema kitu, lakini Semeni alikuwa amekwisha kuzoea kufikiri mambo ya kesho na kumwona Hemedy ndani yake.

Kisha ikaja barua. Huko Dar es Salaam kulikuwa na okestra ya vijana, watu sitini, na mwenye kuiongoza ni Bi Faraja, mwanamke aliyesomea kazi hii ng'ambo akarudi. Alikuwa akitafuta chipukizi mmoja wa kumfundisha mwaka mzima, asimame kando yake kila siku, na mwisho wa mwaka amwachie okestra jukwaani. Nafasi ilikuwa moja. Umri uwe chini ya miaka ishirini na mitano, na Semeni angeitimiza Novemba. Bi Faraja hakutaka watu waje Dar kupungia wanamuziki wasiowajua. Alisema atamfuata kila mmoja kwao, amwone na watu wake mwenyewe.

Semeni alitunga bashirafu, yaani muziki ule wa mwanzo usio na maneno, unaopigwa wageni wakikaa. Aliitunga miezi minne. Ndani yake aliweka mwendo wa mashoka ya baba yake na wenzake kule kwenye mikoko, yanavyopishana. Mwalimu alipoisoma alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Mwanangu, hii nafasi ni yako." Maneno hayo Semeni aliyashika kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja.

Mazoezini mambo hayakuwa mabaya, wala hayakuwa mazuri sana. Wazee walimtazama kwa jicho moja, jingine likawa kwa Hemedy. Akipunguza mwendo, nusu wanapunguza na nusu wanapitiliza, halafu wanacheka na kuomba radhi. Semeni hakuvunjika moyo. Aliwaambia kila siku kitu kidogo, na kila siku walimpa kitu kidogo. Alihesabu siku, akaona zitatosha.

Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya Bi Faraja kuja, Mwalimu akamwambia hakutakuwa na mazoezi. Mzee Ridhiwani alikuwa na arobaini ya mama yake mdogo huko Bungu, na kikundi kizima kinakwenda. Semeni akasema naye ataenda, mwenzao akifikwa wamefikwa wote. Mwalimu akakataa. Akamwambia abaki na karatasi zake, marehemu atamwelewa. Basi Semeni alifanya alilolelewa kulifanya: alikuna nazi tangu alfajiri, akapika sufuria la wali na kuku wawili, akampelekea Mwanamina lipande naye gari. Akamwombea marehemu, ingawa jina lake hakulijua. Jioni walirudi wamechoka, sufuria limeoshwa, Mzee Ridhiwani akamshika mkono na kumwambia Mungu akulipe. Hakumwangalia usoni, naye Semeni akadhani ni huzuni.

Siku ya mtihani ukumbi wa shule ulijaa. Bi Faraja alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ushungi wa kijivu na saa kubwa ya kiume, hana makuu. Alikaa mstari wa mbele na wenzake wawili, Mwalimu nyuma yao. Semeni alipanda, akainua chelewa yake, na bashirafu ikatoka. Ilitoka safi. Ilitoka safi kuliko siku yoyote ya mazoezi, hata yeye alishangaa. Hakuna aliyepitiliza, hakuna aliyebaki nyuma. Watu walipiga makofi na akina mama wakapiga vigelegele. Moyo wake ulimjaa. Alisema kimoyomoyo, hawa watu wananipenda.

Bi Faraja alisubiri kelele zitulie. Akasema muziki ni mzuri, ameupenda, sasa anaomba urudiwe. Safari hii Semeni apunguze mwendo pale katikati, kisha kabla ya mwisho awasimamishe kabisa, wanyamaze, ndipo wamalizie. Ila asiwaambie kwa mdomo. Mkono tu.

Huo ndio mtihani wenyewe, na kila anayeongoza okestra anaujua. Kupiga vizuri watu wanaweza hata bila wewe. Kinachotafutwa ni kama wewe upo.

Wakaanza. Walipofika katikati Semeni akapanua mkono, akauzamisha, akauburuta kama anauvuta topeni. Muziki haukupungua. Akamtazama Mzee Ridhiwani, akakuta macho yake hayapo kwake. Akamtazama Sadala, yule fundi cherehani anayepiga fidla ya pili, hayapo. Mwanamina alikuwa amefumba yake. Wote kumi na watatu walikuwa wamegeuzia shingo upande mmoja, kwenye upinde wa Hemedy, na upinde wa Hemedy ulikuwa ukienda kwa mwendo ule ule, haupungui, hauongezeki. Semeni akamgeukia Hemedy. Macho yao yakakutana. Hakuna mtu duniani aliyeujua mkono ule kama yeye. Aliusoma kama jina lake. Kama angeuvuta upinde wake pole kidogo tu, wote wangevuta naye, na hakuna ambaye angejua lolote. Hemedy akashusha macho kwenye nyuzi zake na kuendelea.

Muziki ulipokaribia mwisho Semeni aliinua mkono kuwasimamisha. Akauacha juu. Muziki ukapita chini ya mkono wake, ukaenda zake, ukamaliza. Alikuwa kama mtu anayelipungia basi la Mtwara lililokwisha kujaa. Alishusha mkono baada ya kimya kuingia, na kimya kile hakukifanya yeye.

Bi Faraja hakumdhalilisha. Alimwita kando, lakini ukumbi ule ulikuwa mdogo na watu wana masikio. Alimwambia ana sikio, ana nota, na utunzi wake ni wa mtu mzima. "Ila hawa hawakutazami, binti yangu. Mimi siwezi kumfundisha mtu kutazamwa. Anayewaongoza ni yule kijana." Kisha akamwita Hemedy. Akamwuliza kama anajua nota, akasema anajua. Akamwuliza umri, akasema ishirini na mitatu. Akamwuliza kama angependa kwenda Dar mwaka mmoja.

Hemedy alimtazama mjomba wake. Akaitazama sakafu. Akasema, "Ningependa."

Usiku ule na asubuhi yake Semeni alijilaumu mwenyewe. Alirudia mkono ule mbele ya kioo cha shangazi mara nyingi, akitafuta kosa. Labda alichelewa kuuinua. Labda uliyumba. Hilo nalo tulikumbuke tunapowahesabia wapigaji wale makosa yao: kwamba walimwacha alfajiri nzima mbele ya kioo, anatafuta kosa kwenye mkono usio na kosa.

Aliyemwokoa ni Mwanamina. Za mwizi ni arobaini, wanasema, na uongo ule haukufika hata ishirini. Alikuja na kanga kichwani, akakataa chai, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema hakukuwa na arobaini. Mama mdogo wa Mzee Ridhiwani alikufa miaka tisa iliyopita. Siku ile ya Bungu vyombo vilipakiwa kwa Mwalimu kabla ya alfajiri, wakakaa kutwa nzima uani kwao Mzee Ridhiwani kule Bungu wakifanya mazoezi ya kumfuata Hemedy. Mwalimu aliwaambia wasimtazame Semeni hata kidogo, mkono wake ufanye utakavyofanya, macho yao yawe kwenye upinde. Na Hemedy akaambiwa asitikisike.

"Wali wangu mliula?" Semeni akauliza.

Mwanamina akaanza kulia. Akasema waliula.

"Wote mlijua?"

Wote walijua. Watu kumi na wanne, na Mwalimu wa kumi na tano. Wiki mbili nzima walimwitikia salamu, walimsifu bashirafu yake, walimwambia usihofu. Semeni hakulia. Aliona kama amekaa kwenye nyumba ambayo kila mtu anajua imeuzwa isipokuwa yeye.

Alimkuta Mwalimu barazani kwake, amevaa kanzu, kama aliyekuwa akimngoja. Akamwamkia, maana adabu haifi kwa siku moja, naye akaitikia marahaba mwanangu. Hakukana. Alisema alikesha siku nyingi akifikiri. Wazee wale miaka thelathini wanafuata upinde, hawajui kufuata mkono. Mbele ya wageni wangebabaika, mmoja angepunguza, mwingine angekimbia, muziki ungeanguka na Semeni angeanguka nao, na Kibiti nzima ingesema mtoto wa kike wa Mbwera kajipeleka asipopaweza. Akaona ni bora wamfuate Hemedy, yeye asimame mbele apunge, wageni waone muziki mzuri waondoke. Funika kombe mwanaharamu apite. Hakujua kama huyo mama angekuja na mambo ya kubadilisha katikati, huko jeshini hawakufanya hivyo.

"Nilikusitiri, mwanangu," alisema.

"Ulinisitiri na nini, Mwalimu? Sikuwa uchi."

Mzee akainyoosha kanzu yake magotini.

"Miaka sita," Semeni akasema, "uji ulinimwagikia miguuni mpaka nikaota alama. Ulikuwa ukinifundisha kupunga?"

Mzee alimjibu kwamba alimfundisha kweli, wallahi alimfundisha kweli, ila aliogopa. Semeni akamwuliza aliogopa kwa ajili ya nani. Kwa maoni ya huyu anayesimulia, jibu lilikuwa wazi: mzee alipungia watu wasiomtazama maisha yake yote, akashindwa kuamini kwamba kuna anayeweza kutazamwa. Lakini jambo kama hilo mtu halisemi kwenye baraza lake mwenyewe.

Hemedy alikuwa njiani kutoka msikitini. Walisimama kando ya ukuta, watu wakipita. Alisema alipewa amri na mjomba wake, na mjomba ni baba.

"Sawa," Semeni akasema. "Na Bi Faraja alipokuuliza kama ungependa, hapo ulipewa amri na nani?"

Akasema kama angekataa nafasi ingekwenda wilaya nyingine, ingepotea bure, bora ibaki nyumbani. Alisema kwamba atamtumia karatasi zote za masomo, atamfundisha kila anachofundishwa. Alisema mengi, yeye ambaye hakuwa msemaji. Semeni alimsikiliza mpaka mwisho, akagundua kwamba katika yote aliyosema hakukuwa na mahali alipoomba radhi. Jumanne Hemedy akapanda basi. Novemba ikaja, Semeni akatimiza miaka ishirini na mitano.

Kikundini hakurudi. Walimtumia watu, akawarudisha na salamu zao. Lakini Desemba Mwanamina alikuwa akimwoza binti yake, Nasra, huko Utete, na wapigaji ni hao hao, na fidla wa kwanza hayupo. Sadala alijaribu kushika nafasi ile, upinde ukawa haueleweki unashuka au unapanda. Mwanamina akaja tena na kanga yake kichwani. Hakumbembeleza. Alisema tu kwamba Nasra ni mtoto na hakuwepo Bungu. Semeni akasema atakuja kwa ajili ya Nasra.

Walivuka daraja la Ndundu asubuhi. Alasiri walikaa chini ya turubai, wanawake wakajaa, na Semeni akasimama mbele yao na chelewa. Mwalimu alikaa kiti cha pembeni pamoja na wazee. Hakukuwa na upinde wa Hemedy wa kuangalia. Semeni akainua mkono, na kumi na watatu wale wakainua macho.

Akawapa bashirafu yake. Wakaianza kwenye ncha ya chelewa, wote pamoja. Pale katikati, hakujua ni ukaidi au ni nini, akauburuta mkono, na muziki ukaburutika nao, mzito, hakuna aliyepitiliza. Akauharakisha, ukaharakika. Mzee Ridhiwani, mwenye mtoto wa jicho, alikuwa ameinamia mbele akimtazama kama anasoma. Karibu na mwisho akawasimamisha. Wakasimama. Turubai zima likanyamaza, akina mama na vikombe vyao mikononi, hata watoto. Akauacha mkono juu kwa muda alioutaka yeye, si mfupi, kisha akaushusha nao wakamalizia. Hawakuwa wamefanya mazoezi hata siku moja. Vigelegele vilipopanda Semeni alikuwa bado amewatazama, mmoja mmoja, na kifua kikimuuma kuliko siku ile ya ukumbini.

Mwalimu aliinuka kitini kwake akaja, machozi yamemlowesha ndevu, anacheka. Akamshika bega. Akasema, "Umeona, mwanangu? Wanakufuata."

"Nimeona, Mwalimu," Semeni akasema. "Wangeshindwa leo, ningekusamehe."

Akautoa mkono wa mzee begani kwake, akawageukia wapigaji, maana bibi harusi alikuwa anaingia.